Kutoka "Locus Niger" hadi Picha za Kupima: Historia ya Jina la Mahali Peusi pa Ubongo

Miongoni mwa majina ya Kilatini yanayowasumbua wafasiri wa maandiko ya utabibu limo jina "substantia nigra". Jina lenyewe si gumu. Maana yake ni kitu cheusi, na kamusi yoyote ya Kilatini itamtosha mfasiri kwa hilo. Tabu huanza pale anapokuta, katika maandishi ya siku hizi juu ya ugonjwa wa Parkinson, kwamba kitu hicho cheusi kinang'aa. Kisha katika ukurasa wa pili kwamba weusi wake umezidi, na hiyo ndiyo dalili ya ugonjwa. Na katika ukurasa wa tatu kwamba weusi wake umefifia, na hiyo nayo ni dalili ya ugonjwa huohuo. Mfasiri asiyeijua historia ya jina hilo atadhani kwamba mwandishi amejipinga mwenyewe, na pengine atasahihisha kisichokuwa na kosa. Katika makala haya tunakusudia kuifuata historia hiyo tangu karne ya 18, kwa kuwa twaamini kwamba istilahi za Kiswahili katika uwanja huu haziwezi kupangwa vizuri mpaka ijulikane ni kitu gani hasa kilichokuwa kikiitwa cheusi, na ni kitu gani kinachopimwa leo.

Sehemu tunayoizungumzia imo katika ubongo wa kati, yaani kipande kifupi kinachouunganisha ubongo mkubwa na sehemu za chini zinazoelekea uti wa mgongo. Ubongo wa mtu mzima ukikatwa kwa upana mahali hapo, huonekana michirizi miwili ya rangi nyeusi au kahawia iliyokoza, mmoja kila upande, nayo huonekana kwa macho matupu bila ya darubini. Félix Vicq d'Azyr, tabibu wa Ufaransa, aliieleza mwaka 1786, akaiita "locus niger crurum cerebri", maana yake mahali peusi pa miguu ya ubongo. Miguu hiyo ni yale mafungu mawili mazito ya nyuzi za neva yanayoshuka kutoka ubongo mkubwa. Baadaye mahali hapo pakaandikwa pia kwa jina la Samuel Thomas von Sömmerring, mtaalamu wa Kijerumani, na polepole neno "substantia" likashika nafasi ya "locus" katika vitabu vingi. Wafaransa hawakuliacha jina lao upesi. Hata mwaka 1919 tasnifu mashuhuri iliyotolewa Paris, ambayo tutaitaja tena, ilizungumzia katika anwani yake "locus niger" ya Soemmering.

Basi tangu mwanzo palikuwa na majina mawili yenye mawazo mawili. La kwanza lasema kuhusu mahali, la pili kuhusu kitu. Katika lugha za Ulaya tofauti hiyo haikumsumbua mtu, maana Kilatini kilikuwa kimekwisha kuwa lebo tu. Katika Kiswahili yatusumbua, kwa kuwa ngeli hazimruhusu msemaji kubaki katikati: ama atasema peusi, ama cheusi, ama nyeusi.

Ugonjwa wenyewe ulipata jina lake kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1817 James Parkinson, tabibu wa Hoxton katika mji wa London, alichapisha kijitabu juu ya maradhi aliyoyaita kupooza kwa kutetemeka. Alieleza habari za watu sita, na baadhi yao aliwaona njiani tu. Hakupasua ubongo wa hata mmoja wao, na alikisia kwamba chanzo kilikuwa katika sehemu ya juu ya uti wa mgongo. Katika miaka ya 1870 Jean-Martin Charcot, aliyekuwa akifundisha katika hospitali ya Salpêtrière huko Paris, alilikataa jina hilo kwa hoja ambayo mtunga istilahi yeyote ataipenda: wagonjwa hawa hawakupooza, na tena wako wasiotetemeka. Jina lililotaja dalili mbili lilikuwa limekosea katika zote mbili. Akashauri ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson, na ndivyo uitwavyo mpaka leo. Wale wanaotaka tuuite "ugonjwa wa kutetemeka" kwa sababu ni Kiswahili safi wangefanya vyema kuitafakari hoja ya Charcot. Mgonjwa ambaye viungo vyake vimekakamaa na mwendo wake umekuwa mzito, lakini mikono yake imetulia, hatajitambua katika jina hilo. Wala ndugu zake hawatamtambua.

Historia ya mahali na historia ya ugonjwa zilikutana mwaka 1893. Paul Blocq na Georges Marinesco waliandika habari za mgonjwa aliyekuwa akitetemeka upande mmoja wa mwili kwa namna ya Parkinson. Alipofariki, alikutwa na uvimbe wa kifua kikuu katika ubongo wa kati, upande wa pili, umepaharibu mahali peusi. Édouard Brissaud alidokeza miaka michache baadaye kwamba hapo ndipo penye kiini cha ugonjwa. Dokezo hilo halikukubaliwa na wengi. Ilipofika mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, katika tasnifu tuliyoigusia, alionyesha kwamba katika bongo za wagonjwa wa Parkinson chembe zenye rangi za mahali hapo zimepungua na mahali penyewe pamepauka. Rolf Hassler naye, mwaka 1938, alionyesha kwamba upungufu huo si sawa kila mahali: yako mafungu ya chembe yanayokufa mapema, na mengine hudumu.

Hapa tusimame kidogo. Kwa muda wa karne nzima na zaidi, neno "nyeusi" lilikuwa na maana moja tu, yaani rangi iliyoonekana katika ubongo wa maiti uliokatwa kwa kisu. Kupauka kulikuwa kupauka kweli, kama kitambaa kinavyopauka juani. Aliyeandika kwamba mahali peusi pamefifia hakutumia tamathali yoyote ya usemi.

Rangi hiyo hutokana na melanini ya neva. Chembe za mahali hapo hutengeneza dopamini, na mabaki ya dopamini iliyooksidishwa hujikusanya ndani yake mwaka baada ya mwaka, yakishikana na madini ya chuma. Mtoto mchanga hana weusi huo. Huanza kuonekana katika miaka ya kwanza ya utoto, ukazidi kadiri mtu anavyokua. Mfasiri lazima ajihadhari hapa, hasa katika nchi zetu. Melanini ya neva si melanini ya ngozi. Binadamu wote wanayo, wawe weupe au weusi wa ngozi, na imeonekana hata katika bongo za watu wenye ualbino, kwa kuwa haitengenezwi kwa njia ileile inayotengeneza rangi ya ngozi na nywele. Kwa hiyo mwandishi akisema tu "melanini imepungua" bila kuongeza "ya neva", atakuwa amemfungulia msomaji mlango wa kudhani kwamba ualbino na ugonjwa wa Parkinson ni ndugu. Tumeona ilivyochukua muda mrefu lugha yetu kuliacha neno "zeruzeru" na kushika "mtu mwenye ualbino". Haifai istilahi ya tawi jingine la utabibu iwarudishie watu hao mzigo mpya.

Habari ya dopamini yenyewe tutaipita haraka, maana imeandikwa mahali pengi. Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha umuhimu wake katika miaka ya 1957 na 1958. Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz, mjini Vienna, waligundua mwaka 1960 kwamba imepungua mno katika bongo za waliokufa na Parkinson. Na mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, alionyesha kwamba dawa ya levodopa ikitolewa kwa kiasi kikubwa kinachoongezwa polepole huwasaidia wagonjwa. (Levodopa, kwa njia, imo pia katika mbegu za upupu, mmea ambao watoto wetu wanaujua kwa mwasho wake tu.) Linalotuhusu ni kwamba upungufu wa dopamini ulipimwa si katika mahali peusi, bali hasa kule nyuzi zake zinakoishia, katika sehemu ya juu iitwayo kwa Kilatini mwili wenye milia. Mahali peusi ni chemchemi. Sehemu yenye milia ni shamba linalonyweshwa.

Tofauti hiyo ilikuwa na matokeo zilipokuja picha za watu walio hai. Mwaka 1983 wataalamu wa Hamilton, nchini Kanada, walitangaza kwamba wameweza kuonyesha dopamini katika ubongo wa mtu hai kwa kutumia dawa iliyotiwa miali ya nunurishi. Walichokiona ni shamba, si chemchemi. Aina nyingine ya picha za namna hiyo ikapata kibali cha matumizi Ulaya mwaka 2000 na Marekani mwaka 2011, nayo pia huonyesha ncha za nyuzi. Mfasiri akiandika kwamba picha hizo "zinaonyesha mahali peusi" atakuwa amekosea mahali, ingawa hakukosea ugonjwa.

Mahali peusi penyewe pamekuja kuonekana kwa mashine ya sumaku. Paul Lauterbur alichapisha picha za kwanza za njia hiyo mwaka 1973, na mwaka 2003 yeye na Peter Mansfield walipewa tuzo ya Nobel. Mashine hii haitumii eksirei. Mwili una maji mengi, na katika maji mna viini vya haidrojeni vilivyo kama visumaku vidogo. Sumaku kubwa huvipanga, mawimbi ya redio huvipindua, na mawimbi yakikatizwa viini hurejea katika hali yake huku vikitoa mawimbi ambayo mashine huyapokea. Kurejea huko ni kwa aina mbili, na kasi yake hupimwa kwa milisekunde. Jambo ambalo kila mfasiri wa uwanja huu angepaswa kulibandika mbele ya meza yake ni hili: katika kurejea kwa aina ya kwanza, upesi huleta mwanga, katika kurejea kwa aina ya pili, upesi huleta giza. Kitu kilekile chaweza kuwa cheupe katika picha moja na cheusi katika nyingine, ilhali mgonjwa ni yuleyule na saa ni ileile.

Giza ndilo lililojulikana mapema. Chuma huharakisha kurejea kwa aina ya pili, na ubongo una chuma kisichokuwa haba. Mwaka 1958 Hallgren na Sourander, huko Sweden, walikwisha kukipima katika bongo za maiti: katika mahali peusi walikuta kiasi cha miligramu 18 kwa kila gramu 100 za ubongo mbichi, na katika sehemu moja ya jirani miligramu 21. Katika miaka ya 1980 ilibainika kwamba sehemu hizo huonekana nyeusi katika picha za sumaku, na pia kwamba chuma huzidi katika mahali peusi pa wagonjwa wa Parkinson. Basi neno "nyeusi" likapata maana ya pili bila ya mtu yeyote kulitangaza. Sasa lilikuwa giza la picha, lililosababishwa na chuma, wala si rangi iliyoonwa na Vicq d'Azyr.

Maana ya tatu ilikuja mwaka 2006 kutoka Japani. Makoto Sasaki na wenzake, wakitumia mashine yenye nguvu ya tesla 3, waliandaa picha za aina ya kwanza ambazo ndani yake melanini ya neva, pamoja na chuma ilichokishika, huonekana kama ukanda unaong'aa. Rangi nyeusi kuliko zote katika ubongo ilionekana nyeupe. Kwa wagonjwa wa Parkinson ukanda huo umefifia na kupungua upana. Kwa hiyo "kufifia" kwa Tretiakoff na "kufifia" kwa Sasaki ni tukio moja lililosemwa kwa rangi mbili zinazopingana: la kwanza ni weusi unaoelekea weupe, la pili ni weupe unaoelekea giza.

Kisha kuna mbayuwayu. Philippe Damier na wenzake, mjini Paris, walionyesha mwaka 1999 kwamba ndani ya mahali peusi mna mafungu matano ya chembe zilizosongamana, na kwamba fungu kubwa kuliko yote ndilo linaloharibika kupita mengine. Sisi twapendekeza mafungu hayo yaitwe vishada. Katika picha za chuma, kishada cha kwanza cha mtu mwenye afya huonekana kama mwanya mweupe kati ya michirizi miwili ya giza, na mwaka 2014 wataalamu wa Nottingham, Uingereza, waliufananisha umbo huo na mkia wa mbayuwayu. Mkia ukikosekana, yaani mwanya ukijaa giza, ugonjwa hushukiwa. Istilahi hii haitupi taabu. Ndege tunamjua, na panda ya mkia wake tumeiona tangu utoto. "Dalili ya mkia wa mbayuwayu" ni tafsiri iliyokamilika. Lakini iangaliwe kwamba weupe wa mwanya huo hauna uhusiano na weupe wa ukanda wa Sasaki. Huu ni wa melanini kuwapo. Ule ni wa chuma kutokuwapo kwa wingi.

Mpaka hapa tumezungumzia picha za kutazama. Hatua iliyofuata, ambayo ndiyo inayojaza majarida sasa, ni picha za kupima. Katika picha ya kutazama mtaalamu husema "pamefifia". Katika picha ya kupima hutoa tarakimu. Hupima ujazo wa ukanda unaong'aa, au uwiano wa mng'ao wake na mng'ao wa miguu ya ubongo iliyo jirani, au kasi ya kurejea kwa viini, au kiasi ambacho kila nukta ya ubongo huvutika kwa sumaku. Kipimo hiki cha mwisho huandikwa kwa sehemu katika bilioni. Tunapendekeza kiitwe "uvutikaji", kutokana na kitenzi kuvutika, maana chaonyesha hasa jambo linalopimwa. Wako waliopendelea "kiwango cha chuma". Hatukubaliani nao, ingawa jina lao ni jepesi kwa msomaji. Mashine haikipimi chuma. Inapima uvutikaji, na chuma ni kisababishi chake kikubwa tu mahali hapo.

Msomaji aweza kuuliza kama ubishi huu una faida nje ya ofisi za lugha. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya dawa iitwayo deferiproni, yenye kazi ya kuondoa chuma mwilini, kwa wagonjwa 372 wa Parkinson waliokuwa bado hawajaanza kutumia levodopa. Walifuatiliwa kwa wiki 36. Picha za kupima zilionyesha kwamba dalili za chuma katika mahali peusi zimepungua kwa waliopewa dawa, kama ilivyotarajiwa. Lakini dalili za ugonjwa wao zilikuwa mbaya kuliko za wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tarakimu ilikuwa njema na mgonjwa alikuwa na hali mbaya zaidi. Mfasiri aliyekwisha kuandika "ugonjwa umepungua" pale ambapo asili ilisema kwamba kipimo cha picha kimepungua, angekuwa amewaambia wasomaji wake kinyume cha yaliyotokea.

Hatari ya namna hiyohiyo imo katika neno "seli zimekufa". Picha za sumaku hazihesabu chembe hai wala zilizokufa. Huonyesha melanini, au chuma, au maji yaliyo karibu navyo, na mtaalamu ndiye anayekisia habari za chembe kutokana na hayo. Ripoti ikisema kwamba mng'ao wa melanini ya neva umepungua, Kiswahili kiseme hivyo hivyo. Anayesoma cheti hicho huenda akawa mgonjwa mwenyewe.

Wala asidhaniwe kuwa wagonjwa hao wako mbali nasi. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ulifanywa uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika wakazi 161,071, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Walipatikana wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kutambuliwa na tabibu. Hakuna mashine ya sumaku iliyohitajika kuwatambua, kwa kuwa ugonjwa huu bado hutambuliwa hasa kwa macho na mikono ya daktari, kwa kumtazama mtu anavyotembea, anavyokunja vidole, anavyoinuka kitini. Kwa watu kama hao jina la ugonjwa hutangulia picha kwa miaka mingi, na huenda picha isije kabisa.

Limebaki suala la jina la sehemu yenyewe. Yametajwa "dutu nyeusi", "kiini cheusi" na "doa jeusi". Dutu ni neno zuri la kemia, na kwa sababu hiyohiyo halifai hapa, maana msomaji atadhani ni kemikali, aichanganye na melanini iliyomo ndani. Kiini tayari kina kazi katika chembe na katika atomu. Doa lina sura ya ila. Sisi twaegemea "mahali peusi", na hivyo twarudi kwa Vicq d'Azyr badala ya waliomfuata. Faida yake ni kwamba mahali hubaki mahali hata rangi ikibadilika: pang'ae katika picha moja, paingie giza katika nyingine, papauke chini ya kisu, jina halitakuwa limesema uwongo, kwa kuwa linataja pale palipopewa sifa hiyo mwaka 1786. Vilivyomo ndani vipewe majina yao mbalimbali: melanini ya neva, chuma, vishada vya chembe.

Baadhi ya wenzetu wamepinga wakisema kwamba mahali hapana wingi, na ubongo una pande mbili. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini sentensi yenyewe yajibu. "Mahali peusi pa kulia pamepungukiwa na mng'ao kuliko pa kushoto" ni Kiswahili ambacho hakimkwazi mtu yeyote, na tena chasema jambo ambalo ripoti hizi hulisema mara nyingi, kwa sababu ugonjwa wa Parkinson aghalabu huanza upande mmoja.